Usharika una fremu sita barabarani: je, ulipe kodi?

Mhazini wa usharika mmoja nje kidogo ya Uyole, Mbeya, ameuliza hivi:

"Shikamoo mtaalamu. Usharika wetu una kanisa, nyumba ya mchungaji, ukumbi wa sherehe na fremu sita za biashara zinazotazama barabara kuu. Mpangaji mmoja, dada mwenye duka la vipodozi, amelipa pango pungufu kwa asilimia 10, akasema ndivyo alivyoelekezwa na TRA. Wazee wa kanisa wamekuja juu: kanisa halilipi kodi, asipoleta hela yote aondoke. Kijana mmoja akasimama kikaoni akasema bora makanisa na misikiti yote yalipe kodi kama watu wengine, kikao kikavunjika. Nani yuko sahihi? Na wewe mwenyewe unaonaje, taasisi za dini zisamehewe kodi au zisisamehewe?"

Marahaba, mhazini. Nianze na mpangaji, kwa kuwa yeye ndiye anayetishiwa kufukuzwa. Yuko sahihi, na wazee wakimtoa kwa sababu hiyo watakuwa wamemwonea.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka anayelipa pango la eneo la biashara azuie asilimia 10 ya pango hilo na kuipeleka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Haimuulizi mwenye jengo ni nani wala anasali wapi. Tuseme fremu yenu moja ni shilingi 150,000 kwa mwezi na mnadai miezi sita kwa mpigo, kama ilivyo kawaida huku kwetu. Pango lote ni 900,000. Anawapa 810,000, na 90,000 anaipeleka serikalini kwa jina lenu. Wasomee wazee hayo maneno mawili ya mwisho taratibu. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Mpangaji ametumwa tu kuifikisha. Mnapofunga hesabu za mwaka, ile 90,000 inahesabiwa kuwa mmeshailipa, mradi mna cheti cha kodi ya zuio, yaani hiyo aliyoizuia mpangaji. Kwa hiyo mkamwombe dada wa vipodozi cheti chake, basi.

Sasa niseme lisilopendeza. Katika vitabu vya taasisi za dini ninavyokagua, kuanzia Tunduma hadi Mafinga, mikataba mingi ya fremu ina mstari unaosema "kodi zote za serikali zitalipwa na mpangaji". Viongozi wanataka 900,000 kamili mkononi. Mpangaji naye anahitaji kuhuisha leseni, anaulizwa mkataba wa pango na malipo ya zuio, basi anaingia mfukoni na kulipa 90,000 nyingine juu ya pango. Halafu tunasimama kanisani tunasema nyumba ya Mungu haitozwi. Imetozwa, ila aliyelipa ni mama wa saluni mwenye kioo kimoja na viti viwili. Na mara nyingi ni muumini wa hapo hapo, aliyekwisha kutoa fungu la kumi kwenye hayo hayo mapato.

Usemi wa wazee kwamba kanisa halilipi kodi umetoka wapi? Haukutoka hewani. Unatokana na misamaha ya kweli iliyomo katika sheria mbalimbali, na kosa ni kuikusanya yote ikawa msamaha mmoja mkubwa ambao haupo. Katiba yetu, ibara ya 138, inasema kodi haitozwi ila kwa sheria ya Bunge. Msamaha nao ni hivyo hivyo: lazima uuonyeshe kwenye sheria, kodi kwa kodi.

Kwenye kodi ya mapato, taasisi ya dini haipati nafuu kwa kuwa na msalaba au mwezi na nyota juu ya paa. Inapaswa kuwa na hati ya Kamishna Mkuu wa TRA inayoitambua kuwa taasisi ya dini au ya hisani. Ikiwa nayo, inaruhusiwa kutoa kwenye hesabu zake fedha ilizotumia kwa malengo yake, kama kuhubiri, kutibu, kufundisha au kusaidia maskini, na juu ya hapo robo ya mapato ya shughuli zake za hisani. Kinachobaki, kama kipo, kinatozwa asilimia 30 kama kampuni nyingine. Biashara isiyo ya hisani inahesabiwa peke yake. Ukiiangalia vizuri, hiyo ni nafuu kubwa: usharika unaotumia sadaka zake zote kwa kazi ya usharika hautabaki na cha kutozwa. Lakini lazima ufunge hesabu na upeleke ritani, yaani taarifa ya kodi, kila mwaka, ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kwisha. Nimekutana na wachungaji wanaodhani kusamehewa kodi ni kusamehewa makaratasi pia.

Mshahara ni habari nyingine kabisa. Hapo hakuna msamaha wa mchungaji, padri, imamu wala mwinjilisti anayelipwa kama mwajiriwa. Mwinjilisti wenu akiwa na mshahara wa 400,000, mkishatoa 40,000 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inabaki 360,000. Ile 270,000 ya kwanza haitozwi, na 90,000 iliyobaki inatozwa asilimia 8, yaani shilingi 7,200 kwa mwezi. Ndiyo fedha ambayo sharika nyingi zinaikwepa kwa kuuita mshahara posho. Yakija makadirio ya miaka mitano nyuma pamoja na riba na adhabu, 7,200 itakuwa imeota mabawa. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL, haiwahusu wafanyakazi wa ibada na mafundisho ya dini, na mwaka 2021 hospitali za taasisi za dini nazo zilitolewa.

Kodi ya majengo, ile inayokatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023, haikusudiwi kwa jengo la ibada. Kama mita ya kanisani inakatwa, andikeni barua iondolewe. Mita za fremu acheni zikatwe.

Sasa swali lako la pili, ambalo naona ndilo lililovunja kikao.

Msamaha wa watu wa dini ni wa zamani kuliko Tanganyika, kuliko hata Uislamu na Ukristo. Katika Mwanzo 47, Yusufu anawawekea Wamisri sheria ya kumpa Farao sehemu moja ya tano ya mazao, na nchi ya makuhani peke yake inaachwa. Katika Ezra 7, mfalme Artashasta anaandika kwamba si halali kuwatoza kodi makuhani, Walawi, waimbaji wala mabawabu wa hekalu. (Ile aya ya kumpa Kaisari yaliyo ya Kaisari naiacha kwa makusudi. Kila upande huitumia, na haijawahi kumaliza kikao chochote nilichohudhuria.) Ninachokiona katika maandiko hayo mawili ni kwamba aliyesamehe alikuwa mfalme, kwa amri iliyoandikwa, na aliwataja waliosamehewa kwa kazi zao.

Hapa nchini jambo hili lilishafika Bungeni kwa kishindo. Juni 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mustafa Mkulo, alipendekeza katika bajeti misamaha ya kodi ya taasisi za dini na mashirika yasiyo ya kiserikali ipunguzwe sana, kwa hoja kwamba inatumiwa vibaya. Maaskofu na masheikh, ambao si kawaida yao kusimama jukwaa moja, walisimama moja. Serikali ikarudi nyuma. Ushindi ule ulikuwa na ubaya wake. Hoja ya matumizi mabaya haikujibiwa, ilizimwa tu, na tangu hapo ukitaja kodi na dini kwenye sentensi moja unaonekana adui wa imani. Kijana wenu amerithi ukimya huo.

Maoni yangu ni haya. Sadaka isiguswe. Kikapu kinachopita kati ya viti kina fedha ambayo imeshatozwa mara moja mkononi mwa mwalimu, nesi au muuza viazi aliyeitoa, na haijamletea faida mtu yeyote wa kugawana. Mnada wa baada ya ibada nao ni vivyo hivyo. Sikukuu ya mavuno huku kwetu unaona jogoo wa 15,000 anapandishwa hadi 50,000, mkungu wa ndizi unanunuliwa, unarudishwa mbele, unanunuliwa tena, na gunia la mahindi linauzwa mara tatu bila kutoka mlangoni. Afisa wa kodi akija na mashine ya risiti pale atakuwa hajaelewa kinachotendeka. Watu wanatoa sadaka, jogoo ni kisingizio.

Kuna na sababu nyingine ya kuiacha sadaka, ya kikatiba. Ibara ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ukimpa mkusanya kodi haki ya kukihesabu kikapu, umempa pia haki ya kuuliza kimetumikaje, na anayeuliza hayo anaweza siku moja akaulizia mahubiri. Mwaka 2018, baada ya maaskofu wa Katoliki kutoa ujumbe wa Kwaresima na wa KKKT, yaani Walutheri, kutoa wa Pasaka, nyaraka zilizoikosoa hali ya siasa, ilivuja barua ya ofisi ya msajili wa jumuiya ikitaka ujumbe huo ufutwe. Waziri wa Mambo ya Ndani akatangaza kwamba barua ile ni batili, yakaisha. Lakini tuliona jinsi karatasi ya ofisini inavyoweza kugeuzwa fimbo. Ile ilikuwa ya usajili tu. Ya kodi ingeuma zaidi.

Wapo wanaosema nchi za wenzetu zinatoza. Angalieni vizuri nani anatozwa. Ujerumani, walikotoka wamisionari wa Berlin na wa Moravian waliofika nyanda zetu hizi mwaka 1891, serikali inayakusanyia makanisa kodi kutoka kwa waumini wake, asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato ya muumini, na asiyetaka anajitoa kanisani kwa maandishi. Kanisa halitozwi pale, linatoza. Sioni mtu wa Rungwe akiukubali utaratibu huo, na mimi siupendekezi.

Nyuma ya sadaka kuna huduma, na hapa sina shaka hata kidogo, kwa sababu ya tunapoishi. Mtoe mmisionari kwenye ramani ya afya ya Nyanda za Juu Kusini uone kinachobaki. Ilembula ni ya Walutheri. Ikonda kule Makete ilijengwa na Wakonsolata. Tosamaganga ya Wakatoliki inawahudumia watu wa vijijini Iringa, Mbozi na Isoko ni za Moravian, Chimala ya Kanisa la Kristo inapokea wa Mbarali na majeruhi wa barabara kuu. Baadhi zimekuwa hospitali teule za wilaya: serikali inapeleka watumishi na ruzuku, kanisa linatoa majengo na uongozi. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitiliana saini hati ya makubaliano kuhusu huduma hizo, na Waislamu wengi wakalalamika kwamba wenzao wamependelewa. Malalamiko yale nayaona yana uzito. Dawa yake lakini ni kwamba zahanati ya msikiti inayotibu ipate nafuu ile ile kwa kipimo kile kile. Kuinyang'anya Ikonda hakumsaidii Mwislamu wa Makete, ambaye naye anatibiwa hapo hapo. Ukiitoza hospitali ya namna hiyo, umemtoza mgonjwa.

Shule zinanipa shida zaidi. Ipo shule ya kanisa kijijini, ada ndogo, nusu ya wanafunzi wanalipa kwa mahindi na maharage. Ipo pia shule ya kanisa mjini ya mchepuo wa Kiingereza, ada mamilioni, mabasi ya njano mapya, na kila mwaka inabaki na ziada inayohamia kwenye mradi mwingine. Ng'ambo ya barabara kuna mwalimu mstaafu aliyekopa akafungua shule binafsi, anashindania watoto wale wale na analipa kila kodi. Kwake huyo, msamaha wa jirani ni bei anayopigwa nayo. Mimi ningeangalia nani anasoma na analipa nini. Ziada ya shule ya pili ningeitoza. Najua walimu wakuu kadhaa ambao wataacha kunisalimia.

Na biashara tupu? Fremu, ukumbi wa harusi, hosteli, petroli, shamba la miti la Mufindi au Njombe linalovunwa na kuuzwa mbao: zilipe, zote, kwa viwango vya kila mtu. Mapato yake yakienda kwenye kazi ya Injili, sheria imeshaweka mlango wake, ile nafuu niliyoieleza juu. Msikiti wenye maduka ukutani, ya wakfu au ya kawaida, nao ni vilevile. Wazee watasema lakini fedha za fremu ndizo zinazomlipa mwinjilisti. Kweli, na faida ya hoteli ya mfanyabiashara ndiyo inayosomesha watoto wa dada yake. Sheria inaangalia fedha imepatikanaje, ndipo ije kwenye imetumikaje.

Hadi hapo kijana wenu na mimi hatuko mbali sana. Tunapotofautiana ni kwamba yeye anataka kodi, mimi nahisi anachokitaka ni hesabu.

Sikiliza matangazo ya Jumapili katika usharika wowote wa huku. Katibu anasimama: sadaka ya ibada ya kwanza shilingi kadhaa, ya pili kadhaa, Jumuiya ya Bondeni imetoa kiasi hiki, shukrani ya familia fulani kiasi hiki. Inasomwa hadi shilingi mia mbili. Mwenye kusikia anajua alichotoa, anajua na jirani yake alichotoa, na hapo hapo anaona kama jumla inakaribia ukweli. Sijui taasisi nyingine nchini inayowasomea wenye fedha zao mapato kila wiki kwa sauti. Halmashauri haifanyi hivyo, chama cha ushirika hakifanyi hivyo, chama cha siasa ndiyo usiseme.

Sasa niambie, mhazini: mapato ya ukumbi yanasomwa lini? Fremu je? Katika vitabu vingi ninavyofungua, sadaka ina daftari lake, risiti zake na sahihi za watu watatu, na ukumbi una bahasha. Harusi moja 600,000, imepokelewa na mtunza ukumbi, imetolewa mafuta ya jenereta, imetolewa "dharura ya mchungaji", iliyobaki imeandikwa kwa penseli. Fedha ya mjane ya 500 inalindwa kama mboni ya jicho na fedha ya miradi haina mwenyewe. Vijana wanaliona hilo. Hawana jina la kuliita kikaoni, basi wanalitupia TRA: bora mtozwe.

Kwa hiyo kama ningeulizwa na mtunga sheria, ningeacha misamaha ya sadaka na huduma kama ilivyo na kuongeza sharti moja: taasisi yoyote yenye nafuu ya kodi, kubwa au ya kikundi cha maombi chini ya bati, iweke hesabu zake zilizokaguliwa mahali ambapo muumini na asiye muumini anaweza kuzisoma. Asiye muumini pia, maana barabara ambayo haikuchangiwa na kanisa ameichangia yeye. Anayeona hilo ni zito mno ana njia nyingine, alipe kama wote na anyamaze na vitabu vyake.

Turudi kwenye utekelezaji, maana hilo ndilo la wiki hii. Angalia kwanza TIN yenu, namba ya mlipakodi, imesajiliwa kwa jina la nani. Nimeziona nyingi za jina la mchungaji aliyekuwepo wakati huo. Akihamishwa kituo, deni la usharika linamfuata yeye, na cheti cha zuio cha mpangaji kinasoma jina lake. Usharika wenyewe mara nyingi si mtu mbele ya sheria. Mwenye mali ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, kwa kawaida ya dayosisi nzima. Nenda makao makuu ya dayosisi uulize mambo mawili: kama wana hati ya Kamishna, na kama mapato ya fremu zenu yamo kwenye ritani yao. Usishangae wakikuambia hawakujua mna fremu.

Mikataba mipya iandikwe kwa jina la wadhamini hao, pango litajwe kabla ya zuio, ule mstari wa "kodi zote juu ya mpangaji" ufutwe, na malipo ya ukumbi yatolewe risiti ya mashine. Na kama kuna wapangaji mliowalazimisha kulipa zuio kutoka mifukoni mwao, kaa nao mmoja mmoja, mhesabu, kisha mkate kiasi hicho kwenye pango la miezi sita ijayo.